Magari Yaliyobaki, Magari Yaliyoondoka

Kwa kawaida ni Jumapili ya mwisho wa Septemba. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, hugeuka maegesho ya vitu ambavyo babu zetu waliviona vikiwa vipya. Wenye magari hufika mapema na ndoo, miswaki na vitambaa laini, wakasugua hata sehemu ambazo jua halijawahi kuziona. Waamuzi hufungua boneti, hupekua buti, hukagua viti, kisha huinama kutazama chini ya gari. Oili ikichuruzika, alama nazo huchuruzika. Mashindano haya ya Africa Concours d'Elegance huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya, na yalianza mwaka 1970. Washindani wametoka pia Uganda na Tanzania.

Mtu anayetoka Mbarara, magharibi mwa Uganda, na gari la zamani ana zaidi ya kilomita 900 za kwenda huko: Masaka, Kampala, Jinja, mpaka, Eldoret au Kisumu, halafu Bonde la Ufa. Njia yenyewe haina ugeni kwake. Malori ya Mombasa yanayoelekea Kigali, Bujumbura na Goma hupita Mbarara usiku na mchana, na kwa karibu karne nzima eneo hili limeona kila aina ya chombo chenye injini. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: kwa nini mila ya kukusanya magari ya zamani ilishika mizizi Nairobi, ikakosa kushika hapa? Watu wengi hujibu upesi kwamba ni fedha. Fedha ni sehemu tu ya jibu. Gari la mwaka 1965 haliwezi kuonyeshwa leo kama mwenye nalo alifukuzwa mwaka 1972, au kama nyumba lililoegeshwa mbele yake iliangushwa na mizinga mwaka 1979.

Mwanzo haukuwa na dalili yoyote ya hayo. Mwezi Aprili 1925, magari manane ya Citroën yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma yaliingia Kampala yakitokea Kongo ya Wabelgiji. Yalikuwa yameondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, yakakata Sahara, yakapita Niger na Chad, yakapenya misitu ya Kongo. Viongozi walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Mchoraji Alexandre Iacovleff alikuwemo, na Léon Poirier alibeba kamera za sinema. Kila gari lilikuwa na jina na nembo yake: moja Mbawakawa wa Dhahabu, jingine Tembo mwenye Mnara, jingine Konokono mwenye Mabawa. Walibeba mahema, vyombo vya kupikia, chakula, vipuri na mafuta, wakalala pale usiku ulipowakuta. Wanaotembea leo na gari lenye kitanda na jiko ndani wanaweza kuwahesabu hao kuwa mababu zao, ingawa starehe ilikuwa kidogo na kusukuma kulikuwa kwingi.

Kampala ndipo msafara ulipogawanyika. Makundi manne, magari mawili kila kundi, yalichukua njia zake: moja kwenda Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne hadi Cape Town. Matatu ya kwanza yalikutana tena Madagaska, na safari ikafungwa Antananarivo mwezi Juni 1925. Lengo la André Citroën lilikuwa kuuza magari na kuitukuza dola ya Ufaransa, na wenyeji waliotumikishwa kubeba mizigo na kufyeka njia hawakuandikwa majina kwenye magari yale. Hata hivyo Uganda ilikuwa imeingia katika ramani ya watu wanaopenda kwenda mbali kwa gari kwa sababu tu wanaweza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yalianza kuzoeleka. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na haikuchukua muda ikawa gari la serikali na la misheni katika kila wilaya yenye matope. Volkswagen ilianza kutengeneza Kombi mwaka 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuiwekea vitanda na makabati. Peugeot zikapendwa kwa sababu sipringi zake zilivumilia mashimo. Katika miji kama Mbarara, makao ya utawala wa Ankole, biashara ya maduka kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwa Waasia, na magari yalifuata biashara.

Kisha yakaja mashindano. Mwaka 1953, Eric Cecil na wenzake wa Nairobi, waliochoka kuzunguka uwanja mmoja, waliandaa mbio, zilizoitwa Safari, za kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ziliendeshwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, ukubwa wa injini ukawekwa kando. Hivyo mwenye Volkswagen ndogo alikuwa na haki yake sawa na mwenye gari la kifahari. Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ya kobe, ndio waliomaliza na adhabu chache zaidi. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda kwa Volkswagen pia, na aina hiyo ikarudia mwaka 1957 na 1962. Magari ya kawaida ya dukani, yanayoendeshwa na watu waliokuwa na kazi nyingine siku za juma: hiyo ndiyo iliyokuwa ladha ya Safari katika miaka yake ya kwanza.

Mbio zilihamia wikendi ya Pasaka, yaani katikati ya masika. Barabara zilizokuwa vumbi asubuhi ziligeuka uji jioni. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, saba yakafika. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yakafika saba tena, kana kwamba nambari hiyo ilikuwa imewekewa nadhiri. Umati ulisimama kandokando ya barabara kutazama. Vijana walisukuma magari yaliyokwama, wakajifunza majina ya madereva kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumiwa na wengine katika mashindano. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404.

Katika miaka hiyohiyo, kusini mwa Mbarara, kulikuwa na mwendo wa aina nyingine. Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walivuka mpaka, wengi kwa miguu na ng'ombe wao mbele, wakapewa ardhi kando ya Ziwa Nakivale. Makazi ya Nakivale yaliandaliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yamo wilayani Isingiro na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka na masanduku machache na kiasi kidogo cha fedha walichoruhusiwa. Gari halikuingia sandukuni. Mercedes, Peugeot, Volkswagen na Austin ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikapewa marafiki, au zikaachwa na funguo ndani. Kabla siku 90 hazijaisha, tarehe 17 Septemba, wapiganaji zaidi ya elfu moja wa upande wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania. Kundi moja lililenga Masaka, jingine likaja na malori kuishambulia kambi ya jeshi ya Mbarara. Walishindwa, na wengi waliuawa. Mji ukaingia katika miaka ya kutafutana na kuuana ambapo kumiliki gari zuri kulivuta macho ya watu ambao mtu mwenye busara hakutaka wamwone.

Waliogawiwa maduka na magari ya Waasia waliitwa mafuta mingi. Baadhi walijua biashara, wengi hawakujua. Tatizo kubwa la gari, hata hivyo, halikuwa nani ameshika usukani. Mawakala waliokuwa wakiagiza vipuri walikuwa wameondoka pamoja na vitabu vyao vya hesabu, fedha za kigeni zikaadimika, na Peugeot iliyohitaji klachi ikawa ghala la vipuri vya Peugeot nyingine. Mafundi wa Katwe na Ndeeba jijini Kampala walichonga, walichomelea, walibuni. Ustadi wao uliyaweka magari barabarani, lakini kila mwaka uliopita gari lilizidi kuwa mchanganyiko wa magari manne, na mchanganyiko huo haumfurahishi mwamuzi anayetafuta boliti za kiwandani.

Mmoja wa walioondoka ni Shekhar Mehta, kijana wa familia yenye kiwanda cha sukari cha Lugazi. Alihamia Kenya. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa kwa Waasia, alimaliza Safari katika Datsun 240Z akiwa na Lofty Drews kama msoma ramani. Alama zake zililingana kabisa na za Harry Källström wa Sweden. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa ameenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mara tano kwa jumla, na zote zimeandikwa chini ya bendera ya Kenya. Katika habari hii hakuna mfano unaoonyesha hasara ya Uganda waziwazi kuliko huo: nchi ilimpoteza dereva, gari lake, gereji yake na watoto ambao wangekua wakitaka kuwa kama yeye.

Mashindano yenyewe nayo yalijikunja. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilikuwa imebaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Amin alipenda magari, na alipenda kuonekana nayo. Miaka 50 baada ya msafara wa Haardt, Citroën nyingine ilizua gumzo Kampala. Wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1975, kuliandaliwa mbio za magari, na rais akaingia akiendesha Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati na mwili unaonyanyuka kwa nguvu ya mafuta na gesi. Pembeni yake alikaa bibi harusi, Sarah Kyolaba, aliyemwoa wakati huohuo. Picha zipo. Ni vigumu kuzitazama bila kukumbuka kwamba raia wa kawaida, siku hizohizo, walipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni.

Vita vilivyomwondoa Amin vilipita Mbarara. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, na miji yote miwili ikabomolewa kwa mizinga na baruti; kulipiza kisasi kwa uharibifu ambao majeshi ya Amin yalikuwa yameufanya Kagera, Tanzania, hakukufichwa. Tanzania ilikuwa imechukua malori na mabasi ya raia ili kubebea askari na chakula, kwa hiyo gharama ya magari ililipwa pande zote mbili za mpaka. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, uporaji ukafuata. Magari yaliyosalimika mwaka 1972 yakaondoka sasa.

Mwezi Oktoba 1982 watu wa asili ya Rwanda walifukuzwa kutoka vijiji vya Mbarara, ng'ombe wao wakaporwa, na wengi wakasukumiwa Nakivale na kambi jirani. Mwaka 1983, serikali ya Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, ilipotangaza Ziwa Mburo kuwa hifadhi ya taifa, wafugaji waliokuwa humo waliondolewa pia. Kwa watu wanaohamishwa kila baada ya miaka michache, kutunza kitu cha chuma chenye uzito wa tani moja na nusu ni ndoto.

Amani ya kiasi iliporudi, barabara zilijaa upya, ila kwa magari mengine. Kuanzia miaka ya 1980 na hasa 1990, mitumba ya Japani iliingia kwa wingi, mingine kupitia Dubai: Corolla, Corona, Hiace. Vipuri vilipatikana, bei ilivumilika, na fundi hakulazimika kuchonga kila kitu. Magari ya Kizungu yaliyobaki nyuma ya nyumba, yakiwa na kuku ndani, yalikatwa na wauza vyuma chakavu, yakayeyushwa, yakawa nondo. Nyumba kadhaa za miji ya magharibi huenda zimesimama juu ya Peugeot 404. Baadhi yaliokolewa: Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lina Ford Model T na magari yaliyowahi kutumiwa na wakuu wa nchi.

Nairobi haikuwa na pengo kama hilo, na hapo ndipo tofauti ilipo. Mtu aliyenunua Datsun mwaka 1971 aliweza kuiacha kwa mwanawe, fundi wa Barabara ya Kirinyaga aliweza kumfundisha mpwawe, na mashindano yaliyoanza mwaka 1970 yaliweza kuendelea miaka nenda miaka rudi. Desemba 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, ikaanzishwa East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zinazofanyika kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, ambazo njia yake imepita Kenya na Tanzania. Rob Collinge alishinda mara ya kwanza. Mwaka 2009 Ian Duncan alishinda na Ford Mustang, gari ambalo wengi wangedhani ni la lami tu. Mwaka 2011 Björn Waldegård wa Sweden, bingwa wa dunia wa mwaka 1979, alishinda katika Porsche 911 akiwa na miaka 68, na msoma ramani wake alikuwa mwanawe Mathias.

Uganda haikukosa madereva. Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, na mbio za taifa zimefika Mbarara mara kadhaa, ambapo umati hujaa kwenye kona za vumbi na shule hupungukiwa na wanafunzi. Kampala nayo imekuwa na maonyesho ya magari ya zamani. Lakini anayetaka kuanza ukusanyaji leo anagonga ukuta wa sheria: marekebisho ya mwaka 2018 yanazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Lengo ni hewa safi na usalama barabarani, na ni vigumu kulipinga unapofuata basi linalotoa moshi mweusi kupanda mlima.

Kuna mkusanyiko mwingine ambao kwa maoni ya mwandishi huyu unaifaa Mbarara kuliko ule wa Ngong. Kuanzia Jumamosi tarehe 12 hadi 14 Oktoba 2024, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Arusha iliita Land Rover zote. Shabaha ilikuwa kuipita rekodi ya mji wa Bad Kissingen, Ujerumani, ambako Land Rover 632 ziliandamana mwaka 2018. Zilizofika Arusha ziliripotiwa kuzidi elfu moja. Nyingine ziling'aa kama za harusi. Nyingi zilikuwa zimetoka kazini, za aina ya 109 na 110 za kubeba watalii, mahindi, mbuzi na abiria wa vijiji ambavyo basi halifiki. Hakuna aliyeulizwa kama boliti zake ni za kiwandani. Gari lilitakiwa liwake na lifike. Kwa kigezo hicho, fundi wa Ndeeba aliyechonga klachi mwaka 1976 ni shujaa, na mchanganyiko wa magari manne unaruhusiwa kuingia kwenye msafara.

Wikendi hizi, watu wanaopenda kulala garini huonekana karibu na Mbarara bila kuitwa na klabu yoyote. Hukodi Land Cruiser au RAV4 Entebbe, zenye hema lililofungwa juu ya paa, wakaingia Hifadhi ya Ziwa Mburo kutazama pundamilia na pofu, kisha wakaendelea Bunyonyi au Bwindi, ambako utalii wa gorila ulianza mwaka 1993. Barabara hiyohiyo hutumiwa na mabasi yanayotoka kituo cha Nyakabande, Kisoro, yakiwaleta Wakongo Nakivale. Yalizidi baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Bunagana mwezi Juni 2022. Mahema yapo kwenye magari yote mawili, na aliyelilipia la kwanza kwa siku atalirudisha Entebbe Jumatatu.

Ndani ya Nakivale, ambako Kiswahili cha Bukavu na Uvira husikika sokoni kando ya Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, kazi ya uchukuzi hufanywa zaidi na bodaboda na teksi za Kijapani zinazokwenda na kurudi Mbarara zikiwa zimejaa kupita leseni. Wanaozitunza wanajua kila sauti yake. Nyingine ni za miaka ya 1990, yaani zinakaribia umri ambao Peugeot 404 ilikuwa nao pale mbio za Classic zilipoanza. Kwa sheria ya mwaka 2018, Hiace ya mwaka 1995 ikifia barabara ya Isingiro, haiwezi kuletewa pacha wake kutoka Yokohama. Ile iliyopo itabidi ifufuliwe hapahapa, au iende kwa muuza chuma chakavu kwa bei ya kilo.